Wakala yuko hai, arifa hakuna: kisa cha Wazuh kwenye Linux ya meinifremu

Kwenye dashibodi ya Wazuh, programu ya kufuatilia usalama wa seva, seva zote za Linux zilizo ndani ya meinifremu, ile kompyuta kubwa ya taasisi, zilikuwa za kijani, kila moja na neno "active" pembeni. Wakala, yaani programu ndogo inayokaa kwenye kila seva, alikuwa amekompailiwa (kugeuzwa kuwa programu ya kuendeshwa) kutoka msimbo chanzo, amesajiliwa, na anatuma logi zake kila dakika. Mradi ukaandikwa kuwa umekamilika. Kisha likafanyika zoezi: mtu wa timu ya majaribio aliingia kwenye mojawapo ya seva hizo kwa akaunti ya kawaida, akajipandisha hadi root, akaunti yenye mamlaka yote, akaendesha amri ambazo kwenye seva nyingine yoyote ya taasisi ile zingeleta arifa ndani ya sekunde chache. Kwa wachunguzi hakikufika kitu. Si kwamba arifa ilichelewa au ilikuja na kiwango cha chini, haikuja kabisa.

Naandika kisa hiki kirefu kidogo kwa sababu kukompaili programu ya ulinzi kwenye mashine isiyo ya kawaida huzungumzwa kana kwamba kazi yote ni kuifanya kompaila inyamaze. Kwa programu ya hesabu au ya kurasa za wavuti, kosa hujitokeza lenyewe, maana mtumiaji atalalamika. Programu ya ufuatiliaji ikikosea hukaa kimya, na ukimya huo unafanana kabisa na hali ya amani.

Taasisi yenyewe ni ya fedha, na jina lake siliweki. Ilikuwa na mashine mbili za IBM Z, moja z14 na nyingine z15, zote zikiendesha z/VM, mfumo unaogawa mashine moja kuwa mashine pepe nyingi, na juu ya z/VM zikikaa mashine pepe za Linux zenye hifadhidata na huduma za malipo. Watu wengi wakisikia meinifremu huwaza COBOL na skrini za kijani, lakini Linux iliingia huko Desemba 1999, IBM ilipotoa viraka vyake vya kerneli, na mwaka 2000 ukaja usanifu wa biti 64 ambao kwenye Linux unaitwa s390x. Leo Red Hat, SUSE, Ubuntu na Debian zote zinatoa toleo la s390x. Ukiingia kwa SSH huoni tofauti yoyote: bash ni ileile, systemd ni ileile, njia za faili ni zilezile. Mfanano huo wa juu ndio unaowapoteza watu.

Upande wa x86, yaani seva za kawaida zenye prosesa za aina ya Intel, taasisi ilikuwa inatumia Wazuh kwa muda mrefu. Wazuh ni tawi la OSSEC, programu iliyoanzishwa na Daniel Cid, na lilijitenga mwaka 2015. Leseni yake ni GPL toleo la 2, na muundo wake ni mwepesi kueleza: wakala hukaa kwenye kila seva, husoma logi, hukagua mabadiliko ya mafaili, kisha hutuma kila kitu kwa meneja, na meneja ndiye anayepitisha matukio kwenye kanuni na kutoa arifa. Paketi za wakala zilizokuwa mkononi zilikuwa za x86 na za ARM. Kwa s390x ilibidi kuchukua msimbo chanzo na kukompaili.

Hatua za kukompaili zenyewe hazina ajabu. Unaingia saraka ya src, unaendesha make deps TARGET=agent, halafu make TARGET=agent, halafu install.sh. Hatua ya kwanza ndiyo ya kuangalia kwa makini, kwa sababu inapakua maktaba za nje: OpenSSL, curl, SQLite, zlib, cJSON, hata maktaba ya rpm na Lua ambazo wakala anazihitaji kwa kuorodhesha paketi zilizosakinishwa. Kwa usanifu uliozoeleka, baadhi ya maktaba hizo huja zikiwa zimekwisha kukompailiwa. Kwenye s390x unataka msimbo wake na si faili la x86 lililoingia kwa bahati mbaya, na ndiyo kazi ya bendera ya EXTERNAL_SRC_ONLY. Pia eneo la meinifremu katika taasisi ya fedha haligusi intaneti. Kwa hiyo maktaba zilipakuliwa nje, heshi zake (alama zinazotambulisha yaliyomo kwenye faili) zikakaguliwa, zikaingizwa kwenye seva ya kukompailia, na tangu hapo kila jengo likatumia nakala zilezile. Naona huu ndio utaratibu ambao hata watu wa x86 wangepaswa kuufuata. Kupakua maktaba za programu ya ulinzi moja kwa moja kutoka mtandaoni kila unapojenga ni kuuacha mlango wazi.

OpenSSL ilikompailiwa bila taabu. Mradi huo una msimbo maalumu wa s390x unaotumia maagizo ya CPACF, yaani usimbaji wa AES unaofanywa na prosesa yenyewe, na kwa kuwa Wazuh husimba mawasiliano ya wakala kwa AES, gharama ya usimbaji ikawa ndogo mno.

Mtego wa kwanza ulikuwa bendera ya -march, inayoiambia kompaila ilenge prosesa gani. Seva ya kukompailia ilikuwa kwenye z15. Mtu mwenye nia njema aliongeza -march=native ili programu iwe nyepesi, na faili lililotoka likafanya kazi vizuri kwenye z15. Kwenye z14 lilikufa papo hapo kwa "Illegal instruction", kwa kuwa lilikuwa na maagizo ambayo prosesa ya zamani haiyajui. Kwenye mashine pepe zinazoweza kuhamishwa kutoka mashine moja kwenda nyingine zikiwa hai, hilo halikubaliki hata kidogo. Bendera ikaondolewa. Kompaila ya RHEL 9 kwa kawaida yake inalenga z14, na hicho ndicho kiwango cha chini ambacho RHEL 9 yenyewe inakidai. Ukitaka kujua uko kwenye mashine gani, lscpu hukupa namba ya aina: 2964 ni z13, 3906 ni z14, 8561 ni z15, 3931 ni z16.

Mtego wa pili haukutoka kwa Wazuh bali kwa programu ndogo ya C iliyoandikwa ndani ya taasisi, inayosoma logi za huduma ya malipo na kuziandika upya kwenye faili analolisoma wakala. Kwenye x86 ilifanya kazi kwa miaka. Kwenye s390x ilianza na haikuishia popote: ilizunguka mahali pamoja ikila prosesa nzima. Ukisoma msimbo wake unakuta matokeo ya getopt, kazi ya C inayosoma chaguo za amri, yanawekwa kwenye kigeu cha aina ya char, halafu yanalinganishwa na -1. Kwenye Linux ya x86, char huwa na alama ya hasi, kwa hiyo -1 hubaki -1. Kwenye s390x, sawa na kwenye ARM, char haina hasi: -1 inakuwa 255, na 255 haitalingana na -1 milele. Bendera ya -fsigned-char ingeuficha ugonjwa. Dawa yake ni neno moja, kubadili char kuwa int, kwa sababu getopt hurudisha int. Anayetumia -Wextra angeonywa na kompaila kwamba ulinganisho ule daima ni kweli. Makosa haya mawili, ingawa yaliudhi, yalikuwa na heshima: yalipiga kelele. Faili lililokufa unaliona, na prosesa iliyojaa unaiona vilevile.

Baada ya hapo tulikagua jambo ambalo kila mtu hulikumbuka akisikia s390x, nalo ni mpangilio wa baiti. x86 huhifadhi namba kwa kuanza na baiti ndogo, s390x huanza na baiti kubwa. Wazuh inapotumia TCP kwenye poti 1514 hutanguliza kila ujumbe kwa baiti nne za urefu, na imeamua kwamba baiti ndogo itatangulia. Wakala wa s390x asipogeuza, ujumbe wa baiti 100 utasomwa na meneja kama ujumbe wa baiti 1,677,721,600. Watunzi wa Wazuh wamelifikiria hilo na msimbo wao unageuza. Hata hivyo tuliangalia kwa tcpdump, programu ya kunasa pakiti za mtandao, na baiti za kwanza zilikuwa 64 00 00 00 kama inavyotakiwa. Heshi nazo zikapimwa, kwa sababu ukaguzi wa mafaili unasimama juu ya heshi. Faili lenye herufi tatu tu, abc, bila mstari mpya mwishoni, lazima litoe SHA-256 inayoanza na ba7816bf na MD5 inayoanza na 90015098. MD5 ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi, maana imebuniwa kwa mpangilio wa baiti ndogo mbele, wakati familia ya SHA inaanza na baiti kubwa. Aliyeandika MD5 kwa mkono akiwa na x86 kichwani atakosea hapa. Zote mbili zilitoka sawasawa.

Wakala, basi, alikuwa mzima. Tulirudi kwenye zoezi lile tukiwa na swali moja: tukio limepotelea wapi?

Hatua ya kwanza ilikuwa kuwasha logall_json kwa meneja, ili kila tukio linalofika liandikwe kwenye archives.json hata kama halikugusa kanuni yoyote. Zoezi likarudiwa, na matukio yakaonekana humo, yote. Wakala ameyasoma kutoka auditd, huduma ya Linux inayorekodi miito ya mfumo (maombi ya programu kwa kerneli), ameyasimba, ameyatuma. Meneja ameyapokea na kuyachambua. Mstari wenyewe ulikuwa na arch=80000016 na syscall=11.

Hapo jibu likawa wazi. Kwenye faili la local_rules.xml kulikuwa na kanuni za taasisi za kukamata amri zinazoendeshwa na root, na kanuni hizo zilitaka mambo mawili: audit.arch iwe c000003e na audit.syscall iwe 59. Namba hizo ni za x86 ya biti 64. Sehemu ya arch katika logi za audit hujengwa hivi: 80000000 inasema ni biti 64, 40000000 inasema baiti ndogo iko mbele, na mwishoni inakuja namba ya aina ya prosesa, ambayo kwa x86-64 ni 3e. Jumla yake ni c000003e. Kwa s390x, biti ya 40000000 haipo kwa sababu baiti kubwa ndiyo iliyo mbele, na namba ya prosesa ni 16 kwa mfumo wa heksadesimali. Ndiyo 80000016 hiyo. Na miito ya mfumo ina namba tofauti kwa kila usanifu: execve, mwito wa kuendesha programu, ni 59 kwenye x86-64 lakini ni 11 kwenye s390x. Openat, wa kufungua faili, ni 257 kule na 288 huku. Ajabu zaidi, 11 ya x86-64 ni munmap, mwito wa kuachia kumbukumbu usio na maana yoyote kwa mchunguzi. Ripoti za kila wiki zilizotafsiri namba kwa jedwali la x86 zingemwonyesha msomaji munmap mahali ambapo mtu ameendesha programu kama root.

Sitawalaumu walioandika kanuni zile. Walikuwa na sababu: kwenye x86 mvamizi anaweza kupita kwenye miito ya biti 32 ili kukwepa, kwa hiyo walitenganisha c000003e na 40000003, na kila moja ikapewa kanuni yake. Ilikuwa kazi makini, kwa mashine waliyokuwa nayo. Kanuni za asili za Wazuh hazikuanguka hivyo, kwa kuwa zinategemea ufunguo wa audit na si namba. Kanuni 80792, ile ya kurekodi amri, hutazama kama ufunguo wa tukio umo kwenye orodha ya audit-keys na umewekwa kuwa wa aina ya command. Ila taasisi ilikuwa na funguo zake yenyewe ambazo hazikuwahi kuandikwa kwenye orodha hiyo. Mlango wa kanuni za asili ukawa umefungwa, na mlango wa kanuni za nyumbani ukawa na kufuli ya x86.

Marekebisho yalifanyika pande mbili. Kwenye seva, kanuni za auditd ziliandikwa kwa majina: -a always,exit -F arch=b64 -S execve, pamoja na ufunguo. Auditctl yenyewe inajua iko kwenye mashine gani na inaweka 11 au 59 ipasavyo. Faili moja la zamani lilikuwa na -S 59 kwa namba, na kerneli ya s390x ilikuwa imelipokea bila kulalamika ikasubiri mwito usiokuja. Kwa meneja, kanuni zote zilizotaja namba za miito zilihamishiwa kwenye audit.key, na funguo zikaandikwa kwenye orodha. Kisha mistari halisi ya logi kutoka s390x ikahifadhiwa kama sampuli na kupitishwa kwenye wazuh-logtest kila kanuni inapobadilishwa. Jambo hili la mwisho nalipenda sana, kwa sababu wazuh-logtest inaendeshwa kwa meneja, kwenye x86. Anayeandika kanuni hahitaji kuigusa meinifremu ili ajue kama kanuni yake inaiona.

Tukiwa tunapekua ndipo tukakuta tundu jingine ambalo zoezi halikuligusa. Kanuni za kufuatilia miunganisho ya mtandao zilitaja mwito wa connect. Kwenye s390x, hadi Linux 4.3 ya mwaka 2015, miito yote ya soketi ilipitia mlango mmoja unaoitwa socketcall, namba 102, na connect ilikuwa ni hoja tu ndani yake. Tangu 4.3 connect ina namba yake, lakini mlango wa zamani haukufungwa. Programu iliyojengwa zamani, au mtu anayejua anachokifanya, bado anaweza kupita kwenye 102, na kanuni inayotaja connect peke yake haitamwona. Kwenye x86-64 mlango huo haupo, kwa hiyo miongozo mingi ya audit unayonakili haiutaji. Tuliongeza socketcall kwenye kanuni za s390x tu, ikichujwa kwa hoja yake ya kwanza, kwa sababu humo ndimo inapoandikwa operesheni gani imeombwa, na connect ni 3.

Kulikuwa na suala la mzigo pia. Wazuh hukagua mafaili mara inapoanza, kisha kila sekunde 43,200, yaani saa 12. Kwenye seva za kawaida hakuna anayelihisi. Kwenye z/VM mashine pepe nyingi hugawana prosesa chache za IFL, zile zilizotengwa kwa ajili ya Linux, na baada ya matengenezo zote huwashwa kwa pamoja. Mawakala wote wakaanza kuhesabu heshi kwa wakati mmoja, na safu ya "st" kwenye top, inayoonyesha muda ambao mashine pepe ilitaka prosesa ikanyimwa, ikapanda kwenye seva za malipo. Tulitawanya saa za ukaguzi kwa scan_time na kuzima ukaguzi wa kuanzia kwenye seva nyeti, tukitegemea ufuatiliaji wa papo kwa papo kwa saraka zile muhimu. Kwenye meinifremu prosesa hulipiwa kwa uchungu, na timu ya ulinzi inayoitumia hovyo itaondolewa hata kama ina haki.

Orodha ya vifaa ilibaki na mapengo madogo. Meinifremu haina jedwali la DMI ambalo seva za x86 hutumia kutoa namba ya ubao, na /proc/cpuinfo yake haina mstari wa "model name" ambao programu nyingi huutafuta. Taarifa hizo zipo kwenye /proc/sysinfo, na tuliandika skripti fupi ya kuzichukua. Halikuwa jambo la kupoteza usingizi.

Kilichobaki kizito ni utunzaji. Wazuh inataka meneja awe na toleo sawa na la wakala au jipya zaidi, kwa hiyo huwezi kumtangulia, lakini pia huwezi kumwacha wakala abaki nyuma na mashimo yaliyokwisha kuzibwa. Usasishaji wa mbali hutumia paketi za WPK zilizotiwa saini, na kwa s390x hakuna atakayekutengenezea: unajenga na kusaini mwenyewe, au unasasisha kwa rpm. Taasisi iliyoamua kukompaili imeajiri kazi isiyoisha, na ni vema bajeti iseme hivyo tangu mwanzo. Niliona ugumu kuwashawishi wakubwa kwamba mtu mmoja anayeijua s390x hatoshi, kwamba akiondoka lazima awepo wa pili. Kisingizio cha kutokuwa na mashine ya kujifunzia hakina uzito tena. IBM kwa miaka imetoa mashine pepe za s390x bure, kwa siku 120, kupitia LinuxONE Community Cloud iliyoendeshwa pamoja na chuo cha Marist huko New York, na mhandisi aliyeko Dodoma au Kigali alihitaji akaunti na ufunguo wa SSH tu. QEMU nayo huiga s390x kwenye kompyuta ya mkononi, polepole, lakini kosa la char na la baiti utalikamata humohumo.

Utaratibu uliokubaliwa mwishoni ni huu. Jengo jipya halitiwi saini kwa sababu make imemaliza bila kosa. Rpm husakinishwa kwanza kwenye mashine pepe ya majaribio kwenye z14, na humo skripti inaendesha amri kama root, inabadilisha faili linalofuatiliwa, inakosea nywila ya SSH kwa makusudi, inafungua muunganisho kupitia connect na mwingine kupitia socketcall. Kisha inasubiri upande wa meneja. Arifa zote zikifika, zikiwa na jina sahihi la seva na la mwito, saini inawekwa. Ikikosekana hata moja, jengo linarudi mezani, hata kama dashibodi ni ya kijani.